Dera Lililotoka Msituni: Jinsi Mti Unavyogeuka Uzi

Kwenye maduka ya vitambaa yanayozunguka Soko la Majengo hapa Dodoma, mara nyingi mteja haanzi na bei. Anaanza hivi: "Mama, hii pamba au poliesta?" Muuzaji hulivuta jora, akakifumbata kitambaa kiganjani, akakiachia kianguke, ndipo akajibu: "Pamba laini hii, mwanangu. Wala haina joto." Mteja anapimiwa yadi zake, fundi anashona dera, na kweli joto halimsumbui. Likishafuliwa mara kadhaa, dera linakuwa limerudi, mshono wa kwapa umefumuka, na lawama zinaanza: fundi kakosea vipimo, muuzaji katapeli.

Mara nyingi wote wawili wanalaumiwa bure. Kitambaa chenyewe si pamba wala poliesta. Ni viskosi, ambayo wengine huiita reyoni, na uzi wake umetoka kwenye mti uliokatwa, ukasagwa, ukapikwa, ukayeyushwa, kisha ukagandishwa upya. Kinachotuchanganya ni kwamba tumezoea mafungu mawili tu: nguo ya shambani na nguo ya plastiki. Viskosi haikai vizuri kwenye fungu lolote kati ya hayo. Malighafi yake ni mti, uzi wake umezaliwa kiwandani. Ubaridi wake mwilini umetoka kwenye mti, na udhaifu wake ndani ya beseni la kufulia umetoka kwenye njia uliyopitishwa mti huo.

Ndani ya mti kuna nini

Mwaka 1838 mkemia Mfaransa Anselme Payen aliitenga selulosi kutoka kwenye mimea, akaonyesha kwamba ni kitu kilekile hata mimea ikiwa tofauti. Selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari ya glukosi, punje moja imeshikana na nyingine kwa mamia na maelfu. Matumbo yetu hayawezi kuikata minyororo hiyo. Ng'ombe anaweza, kwa msaada wa vijidudu vilivyomo tumboni mwake, ndiyo maana ng'ombe wa Kongwa hunenepa kwa nyasi ambazo sisi zingetushinda.

Pamba ni selulosi kwa zaidi ya asilimia 90, tena mmea umekwisha kuipanga kuwa nyuzi. Kazi ya mwanadamu ni kuivuna, kuichambua mbegu na kuisokota. Kwenye mti hali ni nyingine. Selulosi ni kama asilimia 40 hadi 50 ya ubao mkavu, na inayobaki ni lignini, hemiselulosi (ndugu wa selulosi mwenye minyororo mifupi) na vitu vingine vidogovidogo. Anayelijua tembe la Kigogo hapati shida kuelewa: selulosi ni miti na fito, lignini ni udongo uliokandikwa katikati ili ukuta usimame. Ukitaka fito zako, sharti uubomoe ukuta na kuuosha udongo wote.

Hata ukishaosha, bado hujapata uzi. Nyuzi za pamba huwa na urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi, urefu unaotosha kusokotwa zikashikana. Nyuzi za mkaratusi, au mlingoti kama wasemavyo Mufindi, zina takriban milimita moja. Za mpaina hufika milimita tatu. Zinafaa karatasi, ambako zinalazwa na kugandamizwa, lakini kwenye mashine ya kusokota zitapukutika tu. Kwa hiyo wakemia walilazimika kutafuta njia ya kuiyeyusha selulosi iwe uji, kisha kuuvuta ule uji kuwa uzi wa urefu wowote wanaoutaka. Ugumu ni kwamba selulosi haiyeyuki kwenye maji, wala ukiipasha moto haigeuki kimiminika. Inaungua.

Rojo la karatasi si rojo la nguo

Hapa Tanzania tunacho kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Ndiyo sababu baadhi ya watu wakisikia nguo inatokana na mti huuliza kwa nini Mgololo wasianze kesho. Jibu lipo kwenye usafi wa rojo, yaani mti uliosagwa na kupikwa mpaka nyuzi zake zikaachana.

Mtengeneza karatasi anapenda hemiselulosi ibaki, kwa sababu inasaidia nyuzi kushikana na karatasi kuwa imara. Mtengeneza uzi anaichukia. Inaziba vichujio, inadhoofisha uzi, inakula kemikali bure. Rojo lake linatakiwa liwe selulosi safi kwa zaidi ya asilimia 90, na ili kufika hapo mti hupikwa kwa ukali zaidi na kuoshwa hatua baada ya hatua. Kila hatua inapoteza kiasi fulani, kiasi kwamba tani moja ya uzi hudai takriban tani mbili na nusu hadi tatu za mti mkavu. Viwanda vinavyoweza kazi hii duniani si vingi. Kimoja kati ya vikubwa kabisa kiko barani kwetu: Saiccor, cha kampuni ya Sappi, kilichopo Umkomaas kusini ya Durban, ambacho hutumia zaidi mikaratusi. Rojo lake hupakiwa meli kwenda kwenye viwanda vya nyuzi vya Asia na kwingineko, na si ajabu mti wa Afrika Kusini ukarudi Afrika ukiwa dera.

Safari ya rojo hadi uzi

Mfaransa Hilaire de Chardonnet ndiye aliyewaonyesha watu hariri ya kutengenezwa, kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1889. Uzi wake ulikuwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, ndugu wa baruti, na ulishika moto kwa urahisi wa kutisha. Mwaka 1892 Waingereza watatu, Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle, wakapata njia nyingine, na mwaka 1905 kampuni ya Courtaulds ikaanza kuitumia kiwandani Coventry. Kwa misingi yake, ndiyo njia inayotumika mpaka leo.

Rojo hufika likiwa karatasi nene nyeupe zilizofungwa robota. Linaloweshwa kwenye kostiki soda, ileile wanayotumia wajasiriamali wetu wa sabuni, iliyokolezwa hadi kama asilimia 18. Selulosi inavimba. Inakamuliwa, inachanwachanwa kuwa chenga, kisha inaachwa kwa saa kadhaa ili hewa iikatekate minyororo. Kukata huko hufanywa kwa makusudi: minyororo mirefu mno ingefanya uji uwe mzito usiopita popote.

Baada ya hapo chenga huingizwa kwenye pipa lililofungwa na kutiwa kaboni disulfaidi, kemikali ya majimaji yenye salfa, kiasi kinachokaribia theluthi ya uzito wa selulosi. Chenga nyeupe zinageuka rangi ya chungwa. Sasa, tofauti na mwanzo, zinakubali kuyeyuka kwenye kostiki soda hafifu, na kinachopatikana ni uji unaonata wenye rangi ya asali. Uji huo huchujwa mara kadhaa na kutolewa hewa yote, maana kipovu kimoja kinatosha kukata uzi. Unapoiva unasukumwa kupitia kisahani cha chuma chenye maelfu ya matundu, kila tundu likiwa dogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, na kisahani hicho kimezamishwa ndani ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na chumvi za sodiamu na zinki. Asidi inauondoa ule msaada wa kaboni disulfaidi, selulosi inaganda palepale, na kutoka kwenye matundu yale kunavutwa nyuzi nyembamba zilizolowa, zikinyooshwa huku zinaganda ili minyororo yake ilale upande mmoja. Kisha huoshwa, na kwa matumizi mengi hukatwa vipande vya milimita 38 hivi. Urefu huo umechaguliwa makusudi ili robota likifika kwenye kiwanda cha kusokota, mashine za pamba zilipokee bila kubadilishwa sana.

Angalia kilichotokea. Kilichoingia ni selulosi na kilichotoka ni selulosi. Kaboni disulfaidi iliingia kumsaidia msafiri kuvuka, ikashuka njiani. Kwa hiyo viskosi si plastiki, na ikizikwa udongoni inaoza. Ila mnyororo uliokuwa na punje karibu elfu moja za glukosi kwenye rojo umebaki na kama mia tatu, na mpangilio wake umelegea. Tutalirudia jambo hili tukifika kwenye beseni.

Waliolipia bei kubwa

Kaboni disulfaidi iliyoshuka njiani haipotei hewani bila madhara. Ni sumu ya mishipa ya fahamu. Mfanyakazi anayeivuta kila siku kwa miaka anaweza kufa ganzi miguu na mikono, kuchanganyikiwa akili, kuugua moyo. Hayo yamejulikana tangu nguo hizi zikiwa changa, na bado watu waliendelea kuumia. Huko Korea Kusini kiwanda cha Wonjin Reyoni kilifungwa mwaka 1993 baada ya mamia ya wafanyakazi kukutwa na madhara ya sumu hiyo. Mashine zake zilikuwa zimetumika Japani kabla, na baada ya kufungwa zikauzwa China. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu kitambaa hakina alama yoyote ya kukuambia kimetoka kwenye kiwanda kinachokamata gesi yake na kuitumia tena, au kwenye kiwanda kinachoiachia kifuani mwa watu na mtoni.

Teknolojia ya kukamata gesi ipo na viwanda bora vinaitumia. Na ipo njia nyingine isiyohitaji kaboni disulfaidi kabisa. Inaitwa liyoseli. Rojo huyeyushwa moja kwa moja kwenye kiyeyushi kiitwacho NMMO kikiwa cha moto, uji unasukumwa kwenye matundu na kuangukia maji, selulosi inaganda, na kiyeyushi kinachujwa na kurudishwa kazini kwa zaidi ya asilimia 99. Courtaulds ndio walioikuza hadi kuingia sokoni kwa jina la Tencel, ambalo tangu mwaka 2004 limo mikononi mwa kampuni ya Lenzing ya Austria. Minyororo ya liyoseli hukatwa kidogo tu, hivyo uzi wake una nguvu zaidi. Bei yake pia iko juu, na majora yake si rahisi kuyakuta Majengo. Ukilikuta jina hilo, aghalabu ni kwenye lebo ya shati lililotoka ndani ya belo la mitumba. Modali, jina jingine la kwenye lebo, ni ndugu wa viskosi aliyeboreshwa, aghalabu kwa mti wa biichi wa Ulaya.

Duniani kote nyuzi hizi za mti ni takriban asilimia 6 tu ya nyuzi zote zinazotengenezwa, na sehemu kubwa yake ni viskosi ya kawaida. Poliesta peke yake imepita nusu.

Kwa nini inaupenda mwili wa Dodoma

Chukua gramu 100 za uzi mkavu wa kila aina, uziache kwenye hewa ya kawaida ya maabara. Pamba itanyonya kama gramu 8 za unyevu kutoka hewani. Viskosi itanyonya 13 hivi. Poliesta haifiki hata nusu gramu. Ndiyo sababu ndani ya shati la poliesta jasho linakutiririka mgongoni, na ndani ya dera la viskosi linanyonywa na kitambaa.

Dodoma ina jambo la ziada. Hewa yetu ni kavu kwa muda mrefu wa mwaka, hasa kuanzia Juni hadi mvua zinapokaribia, na upepo haukosekani. Jasho lililonyonywa halikai, linakauka upesi na kuondoka na joto. Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imejaa maji, kitambaa hichohicho hulowa na kuwa kizito mwilini. Kwa maoni yangu viskosi ni nguo ya kanda ya kati kuliko ya pwani, na watu wa Dodoma na Singida wanaoipenda wana sababu nzuri.

Shida inaanza kwenye kufua. Pamba ikilowa huongezeka nguvu kidogo. Viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Maji yanapenya katikati ya ile minyororo mifupi iliyolegea, yanaisukuma iachane, na uzi unaweza kunyooka na kukatika kwa mvuto ambao ungeuhimili ukiwa mkavu. Sasa fikiria tunavyofua: kuloweka usiku kucha, kufikicha kwa nguvu, kisha watu wawili kushika huku na huku na kulisokota dera mpaka tone la mwisho. Zaidi ya hapo, maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na sabuni haitoi povu, kwa hiyo mfuaji anaongeza kufikicha. Pamba inavumilia yote hayo. Viskosi inachakaa mbele ya macho yako, halafu inarudi, kwa kuwa uzi uliovutwa kiwandani unajikunja ukipata maji.

Ifuliwe kwa maji ya baridi, kwa muda mfupi, ikiminywa kwa viganja bila kusokotwa. Ianikwe kivulini. Ipigwe pasi upande wa ndani, pasi ya wastani, ikiwa na unyevu kidogo.

Mafundi nao wana lao. Kitambaa hiki kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kirudi kikiwa mezani na sio kikiwa mwilini mwa mteja. Sindano iwe mpya na nyembamba, nafasi ya mshono iongezwe, na dera litundikwe usiku mmoja kabla ya kukunja pindo la chini, kwa sababu kitambaa kinajivuta kwa uzito wake na pindo linakuja kupinda. Mafundi wazoefu wanalijua hili. Wanaoumia ni wanaoanza, wanaoambiwa na mteja kwamba kitambaa ni pamba.

Kuitambua

Chomoa uzi kutoka pembeni mwa kitambaa, uchome moto mahali salama. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kitone kigumu cheusi. Pamba na viskosi zote zinaungua haraka kama karatasi, zinanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, kwa sababu zote ni selulosi. Hivyo moto unamfichua poliesta lakini hauwatenganishi hawa wawili. Kuwatenganisha tumia maji: lowesha uzi katikati kwa ulimi, uvute. Ukikatika upesi pale palipolowa, una viskosi mkononi. Wa pamba mara nyingi hukatikia pengine.

Kuna jina moja linalohitaji tahadhari. Soksi, mashuka na nguo za ndani huuzwa kwa jina la "mianzi", na watu hudhani mwanzi umesokotwa kama katani. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo ni viskosi ya kawaida ambayo rojo lake limetoka kwenye mwanzi badala ya mkaratusi, ikapita kwenye kostiki soda na kaboni disulfaidi ileile. Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani imekuwa ikiwashtaki wauzaji kwa sababu hiyo tangu mwaka 2009, na mwaka 2022 kampuni mbili kubwa za maduka zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5.

Je, tuitengeneze hapa?

Miti tunayo, nyanda za juu kusini. Lakini kiwanda cha viskosi kinakunywa maji mengi na kutema maji yenye asidi, chumvi na zinki ambayo lazima yasafishwe. Jiji la Dodoma linategemea kwa kiasi kikubwa visima vya Mzakwe, na mvua yetu ya mwaka ni milimita 600 hivi ikibahatika. Atakayependekeza kiwanda hicho hapa nitampinga waziwazi. Hata Mufindi, ambako maji yapo, ningetaka kwanza kusikia mpango wa gesi na majitaka kabla ya kusikia idadi ya ajira.

Hatua inayofuata baada ya kemikali ni habari tofauti. Robota la nyuzi zilizokwisha kukatwa halihitaji asidi yoyote, linahitaji mashine za kusokota na kufuma. Pamba inalimwa Iramba na Mkalama, mkoani Singida, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii bado inauzwa nje ghafi. Kiwanda kinachosokota pamba hiyo kinaweza kuichanganya na nyuzi za mti: pamba ikaleta uimara majini, viskosi ikaleta ulaini na mng'ao. Mkulima wa pamba hapotezi soko kwa mchanganyiko wa namna hiyo, na mvaaji anapata dera linalohimili beseni.

Michanganyiko mingine tayari tunayo mwilini bila kuijua. Vitambaa vingi vya suti na sare za shule ni poliesta 65 kwa viskosi 35, au karibu na hapo. Ukiuchoma uzi wake unapata kitone kigumu na jivu kwa pamoja, ndiyo maana wengi huishia kubishana. Kwa kawaida wauzaji wa jumla wanakijua kilichomo, kwa kuwa huandikwa kwenye nyaraka za mzigo. Kuziandika asilimia hizo kwenye kadi ya bei ni kazi ya dakika moja, na fundi angejua kabla ya kushika mkasi kama kitambaa hiki ni cha kuloweka kwanza.